Entrée ya Florentine

Kwa siku nne Florentine aligombana na kompyuta mpya, na siku zote nne kompyuta ilishinda.

Ile ya zamani ilikuwa imekufa Ijumaa, ghafla, baada ya kutumika miaka tisa bila kudai chochote zaidi ya kupanguswa vumbi. Mumewe Muhindo hakungoja hata ipoe. Jumamosi asubuhi alimwendea mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kampala na mizigo, akarudi nyumbani Vulamba na mashine nyembamba yenye mfumo mpya kabisa, akaiweka mezani kwa furaha ya mtu aliyeleta nyama. Florentine alimshukuru. Kisha akaiwasha, akaweka toleo jipya la programu yake ya taa, akaunganisha waya, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Inafaa nieleze kazi yake, maana wapo wanaodhani taa za harusi zinajiwakia zenyewe. Butembo ya sasa harusi hazingoji giza. Kila mtu anataka kuwa kwake kabla jua halijazama, kwa hiyo sherehe inaanza saa saba na kumalizika saa kumi na moja, na giza lenyewe inabidi litengenezwe. Maturubai meusi yanafungwa madirishani, mapengo yanazibwa kwa matambara, hadi mtu akitoka juani anaingia ukumbini akipapasa viti. Ndani ya giza hilo la kushona Florentine anaketi pembeni na kompyuta yake. Kwenye kioo kuna mistari kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila taa, na kila mstari umekatwa vipande vya sekunde. Yeye ndiye anayeandika taa ipi iwake lini, kwa nguvu gani, kwa rangi gani, ipande polepole au ishtuke. Kati ya kompyuta na taa kuna kisanduku kidogo, boîtier, kinachotafsiri maandishi yake na kuyapeleka kwenye taa. Bila boîtier, kompyuta na taa ni kama majirani waliogombana.

Sasa kompyuta mpya ilikuwa haikioni hicho kisanduku. Programu ilifunguka vizuri, mistari kumi na miwili ikajipanga, lakini chini kabisa yalitokea maneno mekundu: hakuna boîtier. Florentine alibadilisha waya. Akabadilisha tundu la waya. Akaiondoa programu na kuiweka tena mara tatu. Akaiambia ijifanye iko kwenye mfumo wa zamani, nayo ikajifanya, lakini maneno mekundu hayakutoka. Mtu mmoja akamshauri auache mfumo ujisasishe wenyewe, akauacha nusu siku, na ulipomaliza hata sauti ya kompyuta ilikuwa imepotea. Kufikia Jumanne alikuwa anakula bila kujua anakula nini.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Jumamosi iliyokuwa ikija Christa, binti wa mzee Kasonia anayeuza mabati, alikuwa anaolewa. Christa hakutaka taa tu. Alitaka entrée, yaani taa za kumwingiza bibi arusi ukumbini, na hakutaka entrée yoyote. Alitaka ile ya Florentine mwenyewe, ile aliyoingia nayo siku ya harusi yake miaka minane iliyopita, Christa akiwa msichana wa miaka kumi na minne aliyesimama juu ya kiti ili aone. Sekunde tisini tu: buluu inayopanda taratibu kutoka sakafuni, kisha nyeupe inayomfuata bibi arusi hatua kwa hatua, kisha rangi ya asali inayofunika watu wote. Florentine aliipanga mwenyewe kwa wiki sita, bibi arusi aliyejitengenezea taa zake, akamwajiri mtu wa kubonyeza tu. Hajawahi kuipiga kwa ajili ya harusi nyingine. Alimkubalia Christa kwa sababu msichana alilia, na kwa sababu, tuseme ukweli, ilimpendeza kwamba kuna mtu aliyeikumbuka.

Jumanne mchana, Muhindo alipomkuta amekaa mbele ya maneno mekundu kwa siku ya nne, alisema jambo ambalo angelimeza kama angekuwa na akili.

"Mama Ananie, hii shida, Hadjara wa Beni alishaipataka," alisema. "Yake pia ilikataa boîtier, mais aliitengeneza. Nitamupelekea machine kesho."

Florentine alikifunga kifuniko cha kompyuta.

Jina hilo alilijua kwa miaka miwili, ingawa hakuwahi kukutana na mwenye jina. Muhindo anakodisha vyombo vya muziki, na mara mbili kwa mwezi anapeleka spika zake Beni. Kwenye simu yake mwanamke huyo ameandikwa "Hadjara Lumière", yaani Hadjara wa taa. Simu inaita wakati wa chakula, Muhindo anatazama, anatoka nje kuzungumza kwa sababu eti ndani mtandao ni mbaya, na huko nje anacheka. Akirudi anaeleza: Hadjara amefanya hivi, Hadjara amegundua vile, Hadjara ameweka taa juu ya mti uani kwa watu na watu wakapiga makofi. Florentine alikuwa akiuliza maswali mawili ya heshima, kisha anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hakuwa na ushahidi wa chochote. Wivu wake ulikua vizuri tu bila ushahidi, na ulinona.

"Hapana," alisema. "Nitaenda mi mwenyewe."

Muhindo akasema sawa, haraka mno kwa maoni yake. Na kama angebisha, Florentine pia angemshuku.

Jumatano alfajiri alipanda pikipiki, kompyuta na boîtier vimefungwa ndani ya kitenge na kukumbatiwa kifuani. Walipita Maboya na mashamba ya Kalunguta, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, wakasimamishwa kwenye kizuizi, wakaachiwa. Njia nzima alikuwa akimtengeneza Hadjara kichwani. Alimpa kiuno, akampa meno meupe, akampa sauti ya kudeka. Alipofika Mulekera, huko Beni, na kuonyeshwa nyumba, alikuwa tayari amemchukia mzima mzima kuanzia nywele hadi kucha.

Hadjara wa kweli alitokea mlangoni na kitambaa kichwani na kalamu sikioni, mwembamba, wa miaka thelathini hivi, mwenye macho mekundu ya mtu anayekaa sana mbele ya kioo. Hakudeka. Alimpokea kompyuta kabla ya kumpa mkono, akaomba radhi kwa hilo, akacheka. Alimwita yaya, dada mkubwa, na neno hilo la heshima likamchoma Florentine mahali ambapo hakuwa amelinda. Kwa hiyo mimi ndiye mzee, aliwaza.

Mama yake Hadjara, Rachida, alileta chai na kumtazama mgeni kwa furaha isiyo na hila.

"Karibu, bibi ya Muhindo," alisema. "Bwana yako anapendaka sombe yangu sana. Hawezi kupita hapa bila kukula."

Nyumbani Muhindo alikuwa akisema sombe, yale majani ya muhogo, inamjaza tumbo gesi. Florentine alimeza chai ya moto bila kuipuliza.

Kazi ikaanza, na hapo, hata kwa chuki yake yote, Florentine alilazimika kukubali kwamba anamtazama fundi. Hadjara alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika kila hatua aliyopitia mwaka uliopita, pale mashine yake ilipobadilishiwa mfumo na mtu wa cyber bila yeye kuombwa ruhusa. Wiki tatu za majaribio, na kila jaribio lililoshindwa limekatwa kwa mstari mmoja safi.

"Yaya, hii mufumo ya sasa haikubali pilote yenye haina signature," alieleza. "Na wenye walitengenezaka hii boîtier walishafunga kazi. Donc hakuna mutu wa kuitia signature."

Pilote ni ile programu ndogo inayoitambulisha boîtier kwa kompyuta. Mfumo wa zamani uliipitisha bila kuuliza. Mfumo mpya ni kama askari wa kizuizini: anataka karatasi yenye muhuri, na ofisi ya muhuri imefungwa. Hadjara akaizima kompyuta kwa namna fulani, kidole kikibana kitufe kimoja, ikawaka na orodha ya maneno meupe juu ya buluu, akachagua namba saba. Mfumo ukaamka bila ukali wake. Akaiweka pilote haraka kabla haujabadili mawazo. Kisha akaingia sehemu ya usalama, akazima ulinzi mmoja wa kumbukumbu ambao, alisema, ndio uliomla wiki mbili kati ya zile tatu, maana ukiuacha, kesho asubuhi kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Mwisho akakata kujisasisha. Akachomeka boîtier. Maneno mekundu yakatoweka, na mahali pake ikawaka nukta ya kijani.

Florentine aliitazama nukta ile. Siku nne. Mwenzake alitumia dakika arobaini na kikombe kimoja cha chai. Alipaswa kufurahi, na sehemu fulani yake ilifurahi, lakini roho ilimuuma kwamba furaha hiyo imetoka mkononi mwa huyu.

Kisha Hadjara akasema waijaribu boîtier kwanza kwenye mashine yake yeye, ambayo haina shida, ili wawe na hakika kwamba kisanduku chenyewe ni kizima. Sebuleni alikuwa na taa nne ukutani. Akafunga madirisha, akashusha pazia zito, akabonyeza.

Buluu ikapanda taratibu kutoka sakafuni.

Florentine aliifahamu kabla haijafika kimo cha meza. Alijua sekunde ambayo nyeupe itaanza kutembea, na ikaanza. Sekunde chache tu Hadjara akaikata, jaribio limefaulu, lakini zilitosha. Harusi yake ilikuwa imepita ukutani, ndani ya sebule ya mwanamke mwingine, Beni, juu ya kabati la vyombo.

"Hii ndiyo ile ya Hadjara," Rachida alisema kutoka mlangoni, kwa fahari ya mama. "Bibi arusi yote ya hapa wanaiombaka."

Hadjara alimrekebisha mama yake papo hapo, akasema imetoka Butembo, ni kazi ya yaya mwenyewe, na kwamba huwaambia watu hivyo kila mara, lakini watu huita kitu kwa jina la yule wanayemwona akikifanya. Alieleza kwamba Muhindo aliileta miaka miwili iliyopita, mwezi ule Florentine alipolazwa na homa ya matumbo, kulikuwa na harusi Beni iliyokwisha kuahidiwa taa na hapakuwa na wa kuzipanga. Alidhani Florentine anajua. Alisema yote hayo kwa uso ulio wazi, na hakuna kinachokera kama uso ulio wazi wakati unatafuta hatia.

Florentine alisema ndiyo, anajua. Angemfumania mumewe na kitenge cha mwanamke mwingine garini, isingemuuma hivyo. Kitenge kinanunuliwa popote. Hii aliitoa kichwani mwake wiki sita, akiwa na miaka ishirini na saba, wakati bado alikuwa anamwogopa Muhindo kidogo kwa jinsi alivyompenda. Na huyo huyo Muhindo ameitia kwenye flash na kuipeleka Beni kama mtu anayempelekea jirani mbegu.

Hadjara, asiyejua moto anaouchochea, akaendelea. Alisema yake ameshaipanga upya kwa ajili ya mfumo mpya, kwa hiyo yaya achukue hiyo, aache mafaili yake ya zamani.

"Juu zile fichiers za zamani zinafunguka, yaya, mais…"

"Zangu ninazijua mwenyewe," Florentine akamkata.

Adhana ilisikika kutoka upande wa mjini. Hadjara akaomba ruhusa akasali, akaiacha mashine yake wazi mezani kama unavyoacha mlango wazi kwa mtu wa nyumbani, akaingia chumba cha ndani. Kupitia pazia Florentine aliisikia mikeka ikitandikwa, mmoja wa binti na mmoja wa mama.

Nisimtetee. Alivuta kiti, akatafuta lile faili, lilikuwa la tatu kwenye orodha, limeandikwa ENTREE na tarehe. Akalifuta. Akaingia kwenye pipa la takataka la kompyuta, akalifuta na humo pia, ili lisifufuke. Kuna wivu unaomfanya mtu apige kelele, na kuna huu unaomfanya awe nadhifu. Kisha akarudisha kiti mahali pake, akakunja mikono, na Hadjara alipotoka, maji ya udhu yakiwa bado hayajakauka mikononi, akamshukuru kwa maneno mazuri. Hadjara alikataa kulipisha, na alimpa pia kurasa za daftari alizozinakili kwa mkono wake, ikitokea mfumo ukafanya ukali tena.

Njiani kurudi Florentine aliona wepesi. Entrée ilikuwa moja tena, na ilikuwa yake.

Jioni Muhindo aliuliza imekuwaje. Akasema imekubali. Kisha, akimpakulia mtoto wao Ananie chakula, akauliza kama jambo dogo tu kwa nini alitoa entrée yao bila kumwambia. Muhindo aliinua mabega. Alisema Florentine alikuwa hoi kitandani wakati ule, nani angemsumbua, na baadaye alisahau.

"Ni taa tu, Mama Ananie," alisema.

Florentine alilala akiwa amegeukia ukuta, na kile alichokifanya Beni kikaonekana kuwa haki kabisa.

Alhamisi asubuhi alifunga mapazia, akapanga taa kumi na mbili chumba kizima, akachomeka flash yenye kazi zake zote za zamani. Faili likafunguka. Mistari kumi na miwili, sekunde tisini, kila kitu mahali pake. Akabonyeza.

Buluu haikupanda. Ilishtuka ikawaka yote mara moja, ikazimika, ikawaka. Nyeupe haikutembea, iliruka kutoka taa hadi taa kama balbu inayotaka kuungua. Rangi ya asali ilikuja kwa kishindo na kukaa. Akaifunga, akaifungua tena, ikawa vilevile. Alipotazama ndani ya mistari akaelewa. Toleo jipya la programu lilisoma taa ipi na rangi ipi, lakini kupanda na kushuka kote, ile miteremko aliyoichora mmoja mmoja kwa wiki sita, halikuisoma. Ilikuwa imeanguka njiani. Kulibaki kuwaka na kuzima tu.

Hapo ndipo aliposikia mwisho wa sentensi ya Hadjara. Zinafunguka, yaya, mais. Mais hii, hii ndiyo lakini yenyewe.

Na ile iliyokwisha kupangwa upya, nzima, yenye miteremko yote, ilikuwa moja duniani, na alikuwa ameitupa kwa mkono wake na kuhakikisha haifufuki.

Alijikaza. Siku nzima alijaribu kuichora upya kwa kukumbuka. Lakini miaka minane ni mingi, na yeye hakuwahi kuipiga tena tangu siku ile. Buluu ilipanda kwa sekunde ngapi, saba au kumi na moja? Nyeupe ilimfuata bibi arusi au ilimtangulia? Akipanga hivi inakuwa nzito, akipanga vile inakuwa ya mtu mwingine. Aliyoitaka aliijua kwa moyo, na moyo haukuwa na namba. Ijumaa asubuhi mama yake Christa alipita kumwambia kwamba msichana anafanya mazoezi ya kutembea sebuleni, anahesabu hatua, amewaambia rafiki zake wote. Florentine akamwambia kila kitu kiko tayari. Alipofunga mlango, aliketi sakafuni kati ya taa.

Njia ilikuwa moja. Aliizunguka mpaka saa nane, akikisia kwamba watu wametoka kusali Ijumaa. Tena hakuwa na namba ya Hadjara. Ilibidi amwombe Muhindo, na Muhindo akampa bila kuuliza, akatoka kwenda kupakia spika.

Hadjara aliitika kwa sauti ya kawaida. Florentine alikuwa ameandaa maelezo marefu yaliyoanzia mbali, kuhusu mfumo na mtandao. Yote yakamtoka kichwani.

"Hadjara, ni mi nilifuta ile entrée kwako," alisema. "Wakati ulikuwa unasali."

"Najua, yaya. Jana nilikuwa na ndoa. Niliitafuta nikakosa, na bibi arusi ameshafika ku mulango."

Florentine aliuliza alifanya nini. Hadjara akasema aliwasha nyeupe zote akaziacha, bibi arusi akaingia kama mtu anayeingia hospitali, na mama mkwe akauliza kwa sauti ile pesa imelipiwa nini. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

"Kwa nini haukuniita? Ao umuambie Muhindo?"

"Muhindo hakuifuta," Hadjara alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Aibu ni kitu cha moto. Florentine aliisikia masikioni. Akajilazimisha kuuliza kilichobaki, kama kuna nakala mahali popote, kwenye flash, kwenye simu.

"Copy yangu ilikuwa kwako," Hadjara akajibu. "Nilikuwa nawaza, hata machine yangu ikikufa, Florentine iko nayo kule Butembo."

Kwa mbali, upande wa Beni, jogoo aliwika saa isiyo yake. Kisha Hadjara akashusha pumzi na kusema yaya achukue kalamu, hapana, achukue mashine yenyewe. Aliichezesha harusi hadi harusi kwa miaka miwili, aliichora miteremko yote upya kwa mkono, anaiona hata akifumba macho. Atataja, Florentine ataandika. Na wakimaliza, aitume Beni.

Wakaanza. Buluu, taa ya kwanza na ya kumi na mbili pamoja, kutoka sifuri hadi nusu kwa sekunde tisa. Tisa, Florentine aliandika. Si saba wala kumi na moja. Taa ya pili inachelewa nusu sekunde. Ya tatu vilevile. Nyeupe inamtangulia bibi arusi hatua moja, ili asikanyage giza. Kila namba ilipotajwa, aliitambua, kama unavyotambua nguo yako kwenye kamba ya mtu. Ni yeye aliyeitunga, na sasa alikuwa anaandikishwa kama mwanafunzi. Wivu ulimkaba upya, wa aina ambayo hakuijua: si wa mumewe tena, ni wa kazi yake mwenyewe, kwamba ilikwenda kukaa kwa mwingine na huko ikajulikana vizuri kuliko alivyoijua mama aliyeizaa. Aliandika tu. Vidole havikuwa na nafasi ya kununa.

Na kadiri sekunde zilivyosonga, hofu nyingine ilikuwa ikimwingia. Kulikuwa na mahali pamoja kwenye entrée ile ambapo hakuhitaji kukumbushwa. Sekunde ya sitini na tatu. Katikati ya ukumbi, pale baba anapoukabidhi mkono wa binti kwa mwanamume, taa zote kumi na mbili zinazimika kwa sekunde moja kamili. Aliiweka kwa makusudi. Siku ile alitaka kitu kimoja ambacho watu mia tatu hawatakiona. Giza likaja, Muhindo akauvuta mkono wake, akainama sikioni kwake na kusema, "Tumefika." Hilo tu. Taa zikarudi na watu wakapiga makofi. Hawajawahi kulizungumza tangu hapo, na hajui kama Muhindo analikumbuka, mtu anayesema ni taa tu. Au analikumbuka, na alimhadithia mwingine akila sombe. Kati ya mawazo hayo mawili hakujua lipi ni baya zaidi.

Sekunde ya hamsini na nane. Sitini. Sitini na mbili.

"Sasa hapa, yaya," Hadjara alisema. "Hapa zote zinazimika, seconde moja."

Florentine alishikilia simu kwa nguvu.

"Muhindo alikuambiaka ni ya nini?"

"Nilimuuliza. Nilikuwa nawaza ni erreur, ni kosa tu, nikataka kuiondoa. Akasema nibadilishe yote yenye nataka, mais hiyo nisiiguse. Nikasema sawa, mais ni ya nini? Akakatala kusema. Hata leo. Ni ya nini, yaya?"

Nje, Muhindo alikuwa akiburuta spika kuelekea garini, akimwonya mtu asiikwaruze. Florentine aliisikiliza sauti hiyo kwa muda.

"Ni erreur tu," alisema. "Tuiache vile."

Akaandika sifuri kwenye mstari wa kwanza, sifuri kwenye wa pili, akashuka hivyo hivyo hadi wa kumi na mbili, akiangalia kila moja. Kisha akajifuta macho kwa kiwiko, akamwomba Hadjara aendelee.